Wanawake Tisa wa Chemchemi na Neno Nililolikosea

Vijana wangu wa masijala, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya karani na mkalimani. Nilikuwa nimeshiba pilau na hotuba, nikakubali bila kufikiri. Sasa niko nyumbani wiki ya tatu, migomba nimeipalilia mpaka imenichoka, na kisingizio sina tena.

Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuwa vichache na vilichelewa. Nitaandika juu ya watu waliofika mbele yetu kwa sababu walikataa amri waziwazi, mchana, kisha wakangoja wakamatwe. Mwizi ana rejista yake, na mpigana ngumi vilevile. Watu wa namna hii hawana. Tunawaingiza chini ya jina la kosa lililo karibu nao, na hapo ndipo karani anaweza kusaidia au kuharibu. Mimi nimefanya yote mawili.

Nilianza kazi katika mahakama ya mwanzo yenye vyumba vitatu. Karani mkuu alikuwa Mzee Rwegoshora, mtu mwembamba wa koti la kahawia, ambaye sindano ya kushonea majalada aliichomeka kwenye ukosi wa koti kama wengine wanavyovaa beji. Paa lilivuja upande wa kabati la madai tu. Upande wa jinai palikuwa pakavu, na Mzee alisema ni sawa kwa kuwa wenye madai wamezoea kusubiri. Taipureta yetu ilikuwa imepoteza herufi H. Kwa miaka miwili tuliandika "maakama", na sikumbuki rufaa hata moja iliyokatwa kwa sababu hiyo.

Siku yangu ya kwanza hakunipa kalamu. Alinipa uzi na majalada yaliyofumuka, nikashona mpaka saa nane. Baadaye nilipomuuliza kwa nini, alisema alitaka nijue karatasi zina uzito gani kabla sijaanza kuziongeza.

Mwaka huohuo mnyauko wa migomba ulikuwa umeenea, na amri ilikuwa imetolewa kwamba kila shina lenye ugonjwa ling'olewe. Mzee mmoja, Bonifasi, akakataa. Alisimama mlangoni mwa shamba lake na kuwaambia wasimamizi kwamba wampeleke wanakotaka, hapiti mtu. Akaletwa kwetu. Hakimu alimsomea shtaka, mimi nikamgeuzia kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, naye akajibu taratibu kwamba ndiyo, alikataa, kwa sababu migomba ile ilipandwa na marehemu mama yake na hakuna aliyeingia kuangalia ni ipi inaumwa na ipi ni mizima. Mimi nikaandika: "Mshtakiwa amekiri."

Mzee Rwegoshora alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniomba karatasi, akaisoma, akanirudishia.

"Binti, huyu mzee amesema maneno mengi. Wewe umeandika mawili. Hayo mengine umempelekea nani?"

Nikaandika upya, yote. Hakimu alipoyasoma akasema hapo hakuna kukiri, maana mtu anayesema ndiyo kisha anaeleza sababu bado hajakiri kitu. Akaandika kwamba mshtakiwa amekana, na kesho yake akaenda shambani na wazee wa baraza na bwana shamba. Mashina matatu yalikutwa na ugonjwa. Mzee Bonifasi aliyang'oa mwenyewe mbele yao, akaachiwa, na shamba lililobaki likasimama. Toka siku ile sikuwahi kufupisha maneno ya mshtakiwa. Nilidhani nimeshajifunza kila kitu.

Miaka ikaenda. Nikahamishiwa mahakama ya wilaya Kayanga, nikawa karani na mkalimani wa Kinyambo na Kihaya. Siku hizo mashauri ya upande wa Kyerwa yalikuwa bado yanaletwa kwetu, na mahakimu waliandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Kwa hiyo neno la bibi wa kijijini lilisafiri kutoka Kinyambo hadi Kiswahili mdomoni mwangu, kisha kutoka Kiswahili hadi Kiingereza kwenye kalamu ya hakimu. Likikosewa kituo cha kwanza, hakuna wa kulitengeneza mbele.

Ndipo wakaletwa wanawake tisa kutoka kijiji kimoja cha kata ya Isingiro.

Habari yao ilikuwa hivi. Palikuwa na chemchemi ambako kijiji kizima kilichota maji toka enzi za mabibi zao. Mtu mmoja kutoka mbali akanunua eneo lile, akazungushia waya na kuweka geti. Wanawake wakawa wanateremka hadi bondeni kuchota maji ya kinamasi, na watoto wakaanza kuharisha. Waliandika barua. Walikwenda ofisi ya kata mara tatu, wakaambiwa warudi. Asubuhi ya mara ya nne hawakwenda ofisini. Walikwenda getini na madumu yao, wakakaa chini kukatiza njia, wakasema wataondoka wahusika watakapofika kuwasikiliza. Afisa wa polisi aliwasomea amri ya kutawanyika mara tatu. Hawakutukana, hawakurusha jiwe, wala hawakuinuka. Wakabebwa mmoja mmoja mpaka kwenye gari.

Wawili kati yao walikuwa na mihoro, ile miundu mirefu yenye ncha iliyopinda tunayokatia majani ya migomba. Walikuwa wametoka shambani. Kwa ajili ya mihoro hiyo, shtaka la kukaidi amri ya kutawanyika liliongezewa la pili, kwenda na silaha hadharani kwa namna ya kutisha. La kwanza linaweza kuisha kwa onyo. La pili ni gereza.

Kiongozi wao alikuwa Mama Leokadia, mjane wa miaka kama sitini, rozari shingoni, sauti ya chini. Mdogo kuliko wote alikuwa Dafroza, kibarua wa mashamba ya kahawa, ambaye wazazi wake walitoka Burundi kabla hajazaliwa. Yeye alijikunja nyuma ya wenzake kama mtu anayetaka kusahauliwa. Baadaye nilielewa. Alikuwa na hofu kwamba akifungwa, watu wataanza kumuuliza yeye ni wa wapi.

Hakimu alikuwa Mheshimiwa Sefu, kijana wa Tanga, mwenye mwaka mmoja tu kwetu. Alikuwa mkali wa saa na mpole wa maneno. Aliposoma shtaka la kwanza, Mama Leokadia alijibu, nami nikageuza bila kuacha neno: kwamba ni kweli waliambiwa waondoke na hawakuondoka, kwamba ofisini walikwenda mpaka viatu vikaisha, na kwamba waliona wakae mahali ambapo ni lazima mtu aje.

Mheshimiwa aliinua kalamu.

"Mama karani, anakiri au anakana?"

"Mheshimiwa, anakubali alichofanya. Anakataa kwamba alikosea."

Alifikiri kidogo, akaandika kwamba wamekana. Niliona jasho kwenye paji lake la uso. Mahakama zetu zimejengwa kwa ajili ya watu wanaosema hawakuwepo, au walisingiziwa. Anayesema nilikuwepo, nilikaa, na sababu yangu ni hii, anamtia hakimu kazini kweli.

Dhamana ilikuwa wazi, na wanane wakapata wadhamini. Dafroza hakupata, kwa kuwa ndugu zake wote walikuwa vibarua wasio na barua ya mtendaji wa kijiji. Basi wale wanane wakagoma kuondoka. Walikaa kwenye korido yetu, miguu wameinyoosha, wakisali kimyakimya. Walikuwa wameletwa mahakamani kwa kosa la kukaa, na sasa walikuwa wamekaa tena. Askari wa zamu aliniuliza afanye nini. Nikamwambia awaruke tu. Saa tisa mchana akafika katekista wa kijiji chao kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, akamdhamini Dafroza. Wote tisa wakatoka pamoja.

Kesi ikasikilizwa. Shahidi mkuu wa mashtaka alikuwa mgambo wa kijiji, Mnyambo wa palepale, aliyeeleza kwa haki alichokiona: wanawake, madumu, mihoro miwili. Aliulizwa kama walitishia mtu. Alisema hawakutishia, ila mihoro ilikuwepo. Kisha utetezi ukaanza, na Mama Leokadia akapanda kizimbani. Mwendesha mashtaka, mwanamume hodari ambaye sikuwahi kumwona akipoteza karatasi, alimuuliza walikuwa wanafanya nini pale getini na mihoro yao.

Mama akajibu kwa sentensi fupi yenye neno moja zito, okulinda.

Nikasema: "Tulikuwa tunalinda."

Mwendesha mashtaka akageuka nusu kumtazama hakimu, kisha akarudi. "Kwa hiyo mlikuwa mnalinda geti, mkiwa na mihoro?"

Nikalirudisha swali kwa Kinyambo kwa neno lilelile. Mama Leokadia akaitikia bila wasiwasi, eego, yaani ndiyo. Hakimu akaandika. Nilimwona mwendesha mashtaka akifunga jalada lake taratibu, kama mtu aliyemaliza kula. Watu wenye mihoro wanaolinda geti ili mwenye mali asipite ni watu wenye silaha. Shtaka la pili lilikuwa limepata miguu, na miguu hiyo niliitengeneza mimi, ingawa wakati ule sikuwa na habari. Kesi ikaahirishwa hadi kesho yake.

Asubuhi nilipitia stendi ya Kayanga kununua vitumbua. Mama mmoja alikuwa anaikimbilia hiace ya Kibingo, mkungu wa ndizi kichwani, akiita, "Mulinde, mulinde." Kondakta akagonga bati, gari likamngoja.

Nikasimama na vitumbua mkononi. Mulinde. Ngojeni. Mimi ni Mnyambo. Neno hilo nimelitumia toka nilipojua kusema. Kulinda shamba dhidi ya nyani ni okulinda, na kumngoja mtu njiani ni okulinda pia. Mama Leokadia alikuwa amesema walikuwa wanangoja. Wanangoja wahusika waje kuwasikiliza, kama alivyosema toka siku ya kwanza. Lakini neno lile lilifanana na Kiswahili, na mimi nikachukua lililo karibu.

Nawaambia ukweli, vijana wangu, kwamba jambo la kwanza nililofikiri lilikuwa kunyamaza. Mkalimani anaapa. Anayepotosha kwa makusudi ana kosa lake kisheria, na nani angeamini kwamba sikukusudia, jana nilipokosea au leo ninapobadilisha? Wangeweza kusema nimefuatwa nyumbani na ndugu wa washtakiwa. Vitumbua vilinishinda. Nilikuwa nimebakiza miaka ya kutosha kazini kuogopa, na isiyotosha kuanza kazi nyingine.

Nilifika kabla ya wote nikagonga mlango wa hakimu. Nikamwambia Mheshimiwa kwamba jana nimekosea neno moja, nataka kumweleza. Aliinua mkono kabla sijafika mbali.

"Mama karani, usiniambie mimi hapa. Kaseme pale ulipokosea."

Sikumpenda kwa dakika kama kumi hivi. Baadaye nilielewa alikuwa ananiokoa. Jambo linalosemwa chumbani linanuka. Linalosemwa mbele ya pande zote linaweza kuulizwa maswali.

Mahakama ilipokaa nilisimama kabla kesi haijaendelea. Nikashika ukingo wa meza. Nikasema kwamba mimi, Adventina, mkalimani niliyeapa katika shauri hili, jana nilitafsiri neno okulinda kuwa kulinda, na kwamba neno hilo lina maana mbili, na kwamba kwa jinsi mshtakiwa alivyolitumia nilipaswa kusema walikuwa wanangoja. Nikasema kosa ni langu, si la mshtakiwa, na hakuna aliyenituma.

Mwendesha mashtaka alipinga, na alikuwa na haki. Alisema mkalimani ni mwenyeji wa eneo hili, mama kama washtakiwa, na ushahidi hauwezi kubadilishwa usiku mmoja ukipita. Wanawake tisa walinitazama bila kuelewa kinachoendelea, maana kwa muda ule hapakuwa na mtu wa kuwatafsiria.

Mheshimiwa Sefu hakubishana. Alisema hawezi kumtegemea mkalimani aliyekiri kukosea, na hawezi kumpuuza. Akauliza kama kuna shahidi wa mashtaka anayejua Kinyambo. Yule mgambo alikuwa amekaa nje kwenye nyasi akisubiri usafiri. Akaitwa tena, akaapishwa.

"Ukimwambia mwenzako njiani kwa Kinyambo, linda, unamtaka afanye nini?" hakimu akamuuliza.

"Anisubiri, Mheshimiwa."

"Na mtu akikaa shambani kufukuza nyani?"

"Huyo naye analinda, Mheshimiwa."

"Siku ile getini ulikuwepo. Wanawake hawa walisema wanafanya nini?"

Mgambo alimtazama mwendesha mashtaka, kisha akatazama chini. Alikuwa shahidi wa upande ule, na kijijini angekutana na upande huu.

"Walisema wanawangoja wakubwa waje," akasema. "Mimi mwenyewe niliwaambia watangoja sana."

Kuna mtu alicheka nyuma, na Mheshimiwa akamwacha acheke. Mama Leokadia akaitwa tena, safari hii akitafsiriwa na mwalimu mstaafu aliyeletwa kutoka Kayanga hapohapo, nami nikakaa kwenye benchi kama mtu wa kawaida. Aliulizwa kuhusu mihoro. Alisema waliotoka nayo shambani waliiweka chini, nyuma ya madumu, ili wasije wakamkata mtu kwa bahati mbaya wakati wa kubebwa.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Shtaka la silaha likafutwa. Kwa shtaka la kukaidi amri, Mheshimiwa alisema amri ilikuwa halali, ilisomwa, ilisikika na haikutiiwa, na washtakiwa wenyewe hawakuficha hilo hata siku moja. Kwa hiyo aliwatia hatiani. Niliona Dafroza akishika ukingo wa kizimba. Kisha hakimu akaendelea kwamba amezingatia namna walivyokaa bila kumdhuru mtu, barua walizoandika kabla, na ukweli wao mahakamani, na kwamba anawaachilia kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi sita. Swali la nani ana haki ya maji, akasema, lina baraza lake, na walipeleke huko.

Nilitafsiri yote, maana alikuwa amenirudisha kazini mara mwalimu mstaafu alipomaliza, bila kusema lolote. Wanawake wakapumua kwa pamoja, kama mtu mmoja anayetua mzigo. Kisha Mama Leokadia akainua mkono.

"Mwanangu," akaniambia kwa Kinyambo, "mwambie asante. Na mwambie kama geti litafungwa tena, tutakaa tena."

Nilimtazama. Alinitazama. Ndiyo kwanza amepewa miezi sita ya kutotenda kosa, na dakika haijaisha. Ningeweza kutafsiri asante peke yake na hakuna angejua. Nikatafsiri yote mawili.

Mheshimiwa Sefu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Mwambie asante yake nimeipokea," akasema. "Hilo la pili, mwambie shauri lilikuwa limeshafungwa, na mimi kalamu nimeiweka chini."

Akainuka, nasi wote tukainuka, akaondoka. Wanawake wakatoka nje kwenye jua, na wa kwanza kuanza wimbo wa kanisani alikuwa Dafroza. Mimi nilibaki ndani. Nilikaa kwenye benchi la washtakiwa, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, nikavua viatu, nikakaa hivyo mpaka mfagizi alipokuja kuniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia kwamba sijawahi kuwa mzima kama siku hiyo.

Shauri la maji lilikwenda kwenye baraza lake na lilichukua muda, kama yachukuavyo mashauri ya ardhi yote. Mwisho waya ulisogezwa, ikaachwa njia ya kufikia chemchemi, na mwenye eneo akabaki na sehemu iliyobaki. Wapo waliosema wanawake walishinda, na wapo waliosema walisamehewa tu. Mimi nimeshika majalada ya kutosha kujua kwamba mara nyingi sheria haina neno kwa lililotokea, na inafanya vizuri inapokubali kusikiliza kabla ya kuchagua lililo karibu.

Miezi michache baada ya hukumu, Dafroza alikuja dirishani kwangu masijala. Alinisalimu shikamoo, akasimama akivuta ncha ya kitenge chake. Alisema kijijini kuna mtu anayesema kwamba yeye, Dafroza, alifungwa na anatafutwa, akaniomba nakala ya hukumu ili amwonyeshe. Nikaitafuta, nikaipiga mhuri, nikampa. Akaigeuza pande zote, akanirudishia, akaniomba nimsomee. Nikamsomea kwa Kiswahili polepole, nikiruka maneno ya hakimu asiyoyahitaji, mpaka nikafika mahali jina lake lilipoandikwa pamoja na ya wenzake wanane, na baada ya majina, kwamba wote wameachiliwa na wako huru kwenda makwao.

Akaniomba nirudie hapo. Nikarudia.